Friji gani inakula stima kidogo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kwa nyumba na biashara za Nairobi

Majibu haya yanahusu friji na friza za nyumbani, za kioski, za bucha na za maziwa. Hesabu za pesa zimefanywa kwa shilingi 28 kwa yuniti moja ya stima (kWh 1). Bei hiyo hubadilika mwezi hadi mwezi kufuatana na gharama ya mafuta na thamani ya shilingi, kwa hiyo chukua tokeni uliyonunua mwisho, gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopewa, halafu utumie namba yako mwenyewe.

Nikilinganisha friji mbili dukani, niangalie wati, lita au nyota?

Angalia yuniti kwa siku. Wati zilizoandikwa nyuma ya friji huwapotosha wanunuzi wengi, kwa sababu hazisemi mashine inafanya kazi kwa saa ngapi. Kompresa ya wati 120 inayozunguka theluthi moja ya siku inakula yuniti 0.96. Kifriji kidogo cha wati 60 kisichopumzika mchana wala usiku kinakula yuniti 1.44, ingawa wati zake ni nusu ya zile na kina nafasi ya soda sita tu.

Friji mpya inayouzwa Kenya kihalali huwa na lebo ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, yenye nyota 1 hadi 5. Isome yote, maana nyota zenyewe hazitoshi: zinalinganisha friji na wenzake wa ukubwa wake. Friji kubwa ya milango miwili yenye nyota 5 inaweza kula kuliko ndogo yenye nyota 3. Tafuta matumizi ya mwaka, gawanya kwa 365, na hapo una yuniti kwa siku.

Friji ya mtumba kutoka Ulaya ina lebo ya A+. Si hiyo ni nzuri kuliko hizi mpya zenye E?

La. Tarehe 1 Machi 2021 Umoja wa Ulaya ulifuta alama za A+, A++ na A+++ za friji na kuanza upya na A hadi G, kwa masharti makali zaidi. Friji iliyokuwa A++ kwenye mizani ya zamani huangukia karibu na E au F kwenye mpya. A+ ya mtumba ni ya mizani ya zamani, na tangu ipimwe imezeeka: raba ya mlango imekauka, povu la ukutani limepoteza sehemu ya uwezo wake wa kuzuia joto, na pengine imeshafunguliwa na fundi mara moja au mbili. Lebo inasema ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Mita itakuambia ilivyo leo.

Teknolojia za friji ni zipi, na zinatofautiana kiasi gani kwa matumizi ya stima?

Friji haitengenezi baridi. Inachota joto lililo ndani na kulimwaga nje, kama mtu anayetoa maji kwenye mtumbwi unaovuja. Kwa kuwa inahamisha joto tu, yuniti moja ya umeme inaweza kuhamisha joto la zaidi ya yuniti moja. Uwiano huo mafundi huuita COP, na ndio unaotenganisha teknolojia hizi.

Friji ya kompresa ya nyumbani huwa na COP kati ya 1.2 na 2. Kompresa hukamua gesi, gesi huachia joto kwenye koili ya nyuma na kugeuka kimiminika, kimiminika hicho hupita kwenye mrija mwembamba kama sindano, kisha huchemka ndani ya friji kwa shinikizo la chini na kufyonza joto. Friji ya ufyonzaji, ile isiyo na kompresa inayoendeshwa kwa moto wa gesi, mafuta taa au hita, hupata 0.2 hadi 0.3. Friji ya Peltier, yenye kipande kidogo cha umeme kinachopoa upande mmoja na kuwaka joto upande wa pili, hupata 0.3 hadi 0.5 inapofanya kazi halisi.

Chukua kreti moja ya soda za chupa, 24 za mililita 300, uzipoze kutoka nyuzi 25 hadi 5. Soda ni kama kilo 7.2 za maji, na chupa zenyewe, kwa gramu 350 kila moja, ni kilo 8.4 za kioo. Joto la kuondolewa ni karibu kilojuli 744, sawa na yuniti 0.21. Kompresa yenye COP ya 1.5 italifanya hilo kwa yuniti 0.14, yaani shilingi 4. Peltier itadai yuniti 0.52, kama shilingi 14 na nusu. Friji ya ufyonzaji ya hita itadai yuniti 0.83, shilingi 23. Kreti ni ile ile na ubaridi ni ule ule.

Kwa nini basi hoteli huweka vifriji vya ufyonzaji vyumbani?

Kwa sababu havina sauti. Hakuna kitu kinachozunguka ndani yake: amonia, maji na haidrojeni husukumwa na joto peke yake. Wavumbuzi wake ni wanafunzi wawili wa Sweden, von Platen na Munters, mwaka 1922, na hadi leo muundo ni ule ule. Mgeni analala bila kusikia mngurumo, na mwenye hoteli analipa karibu yuniti 1 kwa siku kwa lita 40.

Na ile ya mtungi wa gesi, ina maana yoyote?

Ndiyo, pale ambapo nguzo ya stima haijafika na sola haiwezekani. Friji ya gesi ya ukubwa wa kati hula takriban gramu 300 za gesi kwa siku, kwa hiyo mtungi wa kilo 13 unaisha kwa siku 43 hivi. Nairobi mjini, penye stima, haina hesabu inayoingia akilini.

Ukiwa nayo shambani, mambo mawili ndiyo huiua. La kwanza ni kusimama upande. Amonia ndani hushuka kwa uzito wake tu, na friji ikiinama mzunguko unasimama huku hita ikiendelea kuwaka bure. Weka pima maji ndani ya friza, pande zote mbili. La pili ni masizi kwenye kichoma na bomba la moshi. Mwali unapaswa kuwa wa buluu. Ukiwa wa njano, zima na usafishe. Na usiiwashe kamwe katika chumba kilichofungwa dirisha.

Vifriji vidogo vya gari na vya mezani vya Peltier je?

Vinafaa kwa safari ya saa chache na chakula ambacho tayari ni baridi. Vingi hushusha joto nyuzi 15 hadi 20 chini ya hewa ya nje, basi. Gari likiwa limeegeshwa juani na ndani ni nyuzi 40, maziwa yako yako kwenye nyuzi 20 au zaidi. Usikinunue kwa ajili ya nyama au maziwa ya mtoto.

Friji ya "inverta" ni ile inayotumia betri?

Hapana, na mkanganyiko huu huwagharimu watu pesa. Inverta ya sola ni kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240. Friji ya inverta ni friji ya kawaida ya kuchomeka ukutani, ila kompresa yake inaweza kubadilisha kasi. Stima ikipotea, inazima kama nyingine yoyote.

Kompresa ya kawaida ina mwendo mmoja: inawaka kwa nguvu zote, inazima, inawaka tena. Kila inapowaka hupoteza umeme kusukuma gesi iliyojisawazisha ilipokuwa imezima. Ile ya inverta hutembea polepole kwa muda mrefu. Gesi kidogo inapita kwenye koili ile ile, koili haipati moto sana, na kompresa haina mlima mrefu wa kupanda. Hapo ndipo akiba inapotoka, kwa kawaida robo hadi theluthi ya matumizi.

Lakini akiba hiyo inategemea friji kupata nafasi ya kwenda polepole. Friji ya kioski inayofunguliwa kila dakika mbili na kujazwa soda za moto mara tatu kwa siku itakimbia kwa kasi ya juu muda wote, na hapo inverta haikuokolei kitu cha maana. Jambo la pili ni bodi. Kompresa ya inverta huongozwa na bodi ya elektroniki ambayo haipendi stima ya kurukaruka, na bodi mpya inaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya friji yenyewe. Ukinunua inverta, nunua na friji gadi siku hiyo hiyo.

Friji gadi inasaidia kupunguza bili?

Haipunguzi bili, inalinda mashine. Hukata stima ikishuka au kupanda kupita kiasi, na ikirudi husubiri dakika 3 hadi 5. Kusubiri huko kuna sababu: kompresa ikizima, upande mmoja wa mfumo una shinikizo kubwa na mwingine dogo, na mota ya kawaida haiwezi kuanza hadi pande zisawazike kupitia ule mrija mwembamba. Ikilazimishwa, inanguruma, inapata moto, inajikata. Ikifanya hivyo mara nyingi, inaungua.

Ile isiyoganda barafu inakula zaidi ya ile ya kuyeyusha kwa mkono?

Kwa ukubwa ule ule na umri ule ule, ndiyo, kidogo. Isiyoganda ina feni, na hita ya kuyeyusha barafu kwenye koili iliyofichwa. Hita ya wati 150 ikiwaka dakika 20 mara mbili kwa siku ni yuniti 0.1, na joto hilo nalo lazima kompresa ilitoe tena.

Ila ile ya mkono hushinda tu kwa mtu anayeyeyusha. Barafu ni blanketi: koili iliyovaa barafu haifyonzi joto vizuri, na kompresa huongeza saa za kazi. Ikifika unene wa milimita 5, karibu nusu ya unene wa kidole kidogo, yeyusha. Zima, fungua mlango, weka sufuria ya maji moto ndani, subiri. Usichokore kwa kisu. Koili za friji nyingi ni alumini nyembamba, na tundu moja la ncha ya kisu linamaliza friji nzima.

Fundi anasema friji inahitaji kujazwa gesi kila mwaka. Ni kweli?

Si kweli. Mfumo wa friji umefungwa kabisa kiwandani na gesi haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache.

Dalili ya gesi kupungua ni hii: kompresa inazunguka bila kupumzika, koili ya nyuma ni baridi au vuguvugu, na ndani barafu inajijenga kwenye kona moja tu ya mwanzo wa koili huku sehemu nyingine ikiwa kavu. Koili ya nyuma ikiwa moto na ndani hakupoi vizuri, usikimbilie gesi. Angalia raba, vumbi, na nafasi ya hewa.

Gesi za friji R600a na R134a, ipi inatumia umeme kidogo?

Friji nyingi mpya hutumia R600a, yaani isobutani, na kwa kompresa iliyoundwa kwa ajili yake hufanya vizuri kidogo kuliko R134a, tena kwa sauti ya chini. Kwa hewa ya dunia tofauti ni kubwa mno: kilo moja ya R134a hupasha anga joto kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa miaka 100, ilhali isobutani haizidi kilo chache. Ndiyo maana R134a na jamaa zake wanapunguzwa hatua kwa hatua chini ya makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016.

Kinachoharibu ufanisi ni matengenezo mabaya. Friji ya R600a ya nyumbani hubeba gesi kidogo sana, mara nyingi gramu 30 hadi 80, na kiasi kamili kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na kompresa. Gramu 10 zikizidi au kupungua ni kosa kubwa. Fundi anayejaza "kwa kuhisi mkononi" hawezi kupatia; lazima awe na mizani ndogo ya gramu. Akizidisha, utaona bomba linalorudi kwenye kompresa linatoa jasho au kuganda barafu kwa nje: hiyo ni baridi uliyolipia inayopozea ukuta wa jikoni.

Kabla hujamlipa, hakikisha amefanya haya: amebadilisha draya, kile kichupa cha shaba kinachonyonya unyevu, amevuta hewa kwa pampu ya vakyumu, na si kwa kusafisha na gesi kidogo, amepima gesi kwa mizani. Tena asiweke R134a kwenye kompresa ya R600a. Kompresa ya isobutani ina silinda kubwa zaidi kwa sababu gesi yake ni nyepesi, na R134a itailemea mota hadi iungue. Na kwa kuwa isobutani huwaka, kazi ifanyike penye hewa, gesi ya zamani itolewe nje kwa mpira, na mwali wa kuchomea usiguse bomba lenye gesi.

Kuna jambo moja mafundi wa Nairobi wanapaswa kulijua. Ndani ya koili ya friza ya R600a kwenye nyuzi −25, shinikizo ni kama bar 0.58, chini ya shinikizo la hewa. Tundu likiwa upande huo, friji haivuji nje, inavuta hewa na unyevu ndani. Geji nayo husoma tofauti kati ya shinikizo la ndani na la hewa ya mahali ilipo: pwani hewa ni bar 1.01, Nairobi kwenye mita 1,700 na zaidi ni karibu 0.83. Friji ile ile itakayoonyesha −0.43 Mombasa itaonyesha −0.25 hapa. Fundi anayefuata namba za kitabu kilichoandikwa usawa wa bahari atadhani gesi imezidi, aitoe, na mteja alipe bili.

Nifanye nini nyumbani friji niliyo nayo ile kidogo, bila kununua nyingine?

Anza na raba ya mlango. Funga mlango juu ya noti ya shilingi 50, uivute. Ikitoka bila kukataa, hapo pana mwanya. Zunguka mlango wote, hasa kona za chini upande wa bawaba. Njia nyingine: usiku, zima taa, weka simu ndani ikiwa imewashwa tochi, funga, utazame kama mwanga unapenya. Raba iliyochafuka ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni. Iliyojikunja, ipashe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji moto, inyooshe kwa vidole, kisha funga mlango ipoe ikiwa imekaa mahali pake. Iliyopasuka, badilisha. Raba mpya hukatwa na kuunganishwa kwa kipimo, kwa hiyo nenda na vipimo vya ile ya zamani, au na raba yenyewe.

Halafu geukia nyuma. Kila nyuzi moja koili ya nyuma inapokuwa na joto zaidi huongeza matumizi kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Acha sentimita 10 kati ya koili na ukuta, ufagie vumbi kwa brashi laini mara mbili kwa mwaka. Friji nyingi za sasa hazina koili ya kuonekana. Imefichwa ndani ya kuta za pembeni, na ndiyo sababu pembeni huwa moto. Si ubovu. Ila ukiibana kati ya kabati na ukuta, umeifunga pua. Kwenye jikoni ndogo za vyumba vya kupanga, mahali pabaya kuliko pote ni kando ya jiko la gesi.

Joto la ndani: nyuzi 4 kwa friji, −18 kwa friza. Kushusha chini ya hapo ni kulipia baridi isiyo na kazi. Ugali na mchuzi wa jana vipoe kwanza mezani, lakini usiviache zaidi ya saa mbili.

Julai friza yangu inayeyuka ilhali hewa ni baridi. Imeharibika?

Pengine haijaharibika. Friji nyingi za milango miwili zina kompresa moja na termostati moja, na termostati hiyo iko upande wa friji, si wa friza. Usiku wa Julai, jikoni au kwenye balkoni ya nyuma kukishuka hadi nyuzi 12, upande wa friji hukaa baridi wenyewe. Termostati inaona kazi imekwisha, kompresa hailazimiki kuwaka, na friza nayo inasahauliwa. Nyama inalainika.

Wengi hufanya kinyume: huzungusha kitufe kwenye namba ndogo kwa kuwa "ni msimu wa baridi", na friza huzidi kuyeyuka. Panda namba moja, au irudishe friji ndani ya nyumba. Wakati wa kununua, soma herufi za tabaka la hali ya hewa kwenye kibandiko: N ni ya hewa ya nyuzi 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, T ni 16 hadi 43, na SN ni 10 hadi 32. Kwa anayeishi Limuru au upande wa Ngong, SN ndiyo ya kutafuta. Nyingine huandikwa SN-T, yaani zinabeba kote.

Nitajuaje friji yangu inakula yuniti ngapi hasa?

Njia bora ni mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, iachwe saa 24 kamili. Dakika kumi hazitoshi, kwa sababu kompresa huwaka na kuzima.

Kama huna, tumia taa nyekundu ya mita ya tokeni. Soma maandishi ya mita yanayosema inapepesa mara ngapi kwa yuniti moja, mfano 1,000. Zima kila kitu isipokuwa friji, subiri kompresa iwake, uhesabu mipepeso kwa dakika 5. Ukipata 10, hiyo ni yuniti 0.01 kwa dakika 5, sawa na wati 120. Hiyo ni nguvu ikiwa imewaka. Ili kupata ya siku, soma namba ya mita kabla ya kulala na asubuhi, kila kingine kikiwa kimezimwa, kisha ongeza kidogo kwa kuwa mchana mlango hufunguliwa.

Friza ya kulala ni bora kuliko ya kusimama?

Kwa kutunza baridi, ndiyo. Hewa baridi ni nzito. Ukifungua mlango wa friza ya kusimama inamwagika miguuni pako, ukifungua kifuniko cha ile ya kulala inabaki chini. Kuta zake pia huwa nene. Na stima ikipotea, iliyojaa na kufungwa inaweza kushikilia mgando siku moja hadi mbili.

Wengine huigeuza kuwa friji kwa kuchomeka termostati ya nje yenye kihisi ndani, iliyowekwa nyuzi 3 hadi 5. Inafanya kazi, na hula stima kidogo sana. Kasoro yake ni maji: unyevu hukusanyika chini, ukaushe kwa kitambaa kila wiki, na mboga zikae kwenye vikapu juu ya sakafu ya friza.

Mtungi wa udongo na kibanda cha mkaa vinaweza kushindana na friji?

Kwa nyanya, sukuma wiki na machungwa, vinashinda, kwa sababu havitumii stima hata kidogo. Maji yanapokauka kwenye udongo au mkaa huondoka na joto. Kikomo chake ni unyevu wa hewa. Alasiri ya Februari Nairobi, nyuzi 27 na hewa kavu, kibanda cha mkaa kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 18, na mboga inayonyauka kwa siku moja ikakaa kadhaa. Aprili, mvua ikinyesha, hakishuki sana.

Ukuta wake ni wavu mara mbili wenye nafasi ya sentimita 10 hivi kati, ukajazwa mkaa, ukamwagiwa maji kwa bomba lenye matundu linalodondosha polepole. Mkaa ukikauka, ni kibanda tu. Maziwa, nyama na samaki visiwekwe humo; nyuzi 18 ni joto ambalo vijidudu hulifurahia.

Nataka friji ya sola. Ninunue ya DC au nitumie ya kawaida na inverta?

Ya DC, yaani inayotumia umeme wa betri au paneli moja kwa moja, ukianza upya. Friji ya DC ya lita 100 hivi yenye kuta nene hula yuniti 0.3 hadi 0.5 kwa siku. Ya kawaida ina gharama mbili za siri. Inverta ya sola yenyewe hula wati 10 hadi 20 hata kama hakuna kinachotumika, yaani yuniti 0.24 hadi 0.48 kwa siku. Inaweza kula sawa na friji ya DC nzima. Na kompresa ya wati 100 inapoanza huvuta mara kadhaa zaidi kwa nusu sekunde, kwa hiyo inverta ndogo itapiga kelele na kuzima.

Paneli zipimwe kwa Julai, si kwa Januari. Mwezi huo jua la Nairobi hutoa kama saa 4 kamili kwa siku. Kwa yuniti 0.5, ukihesabu upotevu wa theluthi moja hivi, unahitaji paneli ya wati 180 hadi 200.

Friji za chanjo katika zahanati zisizo na stima zimepiga hatua nyingine: hazina betri kabisa. Paneli huendesha kompresa mchana, kompresa hugandisha maji yaliyozunguka sanduku, na barafu hushikilia nyuzi 2 hadi 8 usiku. Kilo 10 za barafu huhifadhi baridi ya yuniti 0.93, na barafu haichoki kama betri.

Nina kioski na ATM ya maziwa. Stima inaenda wapi?

Mlango wa kioo hupitisha joto mara nyingi kuliko ukuta wenye povu, kwa hiyo friji ya soda isipigwe jua. Soda na maji ya chupa haziharibiki. Weka soketi ya saa, izime saa nne usiku na kuwasha saa moja kabla ya kufungua. Usifanye hivyo kama humo kuna mtindi au maziwa.

Kwa maziwa, yanayokuja yakiwa na joto ndiyo bili yako. Lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 4 zinataka kuondolewa joto la yuniti 1.8, kwa COP ya 2 ni yuniti 0.9 za stima. Yakifika yakiwa nyuzi 8 tayari, ni yuniti 0.22 tu. Pima kila shehena kwa kipimajoto kabla ya kuipokea. Hakikisha pia kikoroga kinazunguka, vinginevyo maziwa ya pembeni yanaganda na ya katikati yanabaki vuguvugu.

Maduka makubwa na maghala ya maparachichi hutumia nini?

Maghala makubwa hutumia amonia, yenye ufanisi mkubwa lakini sumu, kwa hiyo haiingii nyumbani. Maduka makubwa duniani yanahamia kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipita nyuzi 31 haigeuki tena kimiminika kwenye koili na ufanisi wake hushuka, kwa hiyo hali ya hewa ya Nairobi inaifaa kuliko ya Mombasa. Kwa duka la wastani, hatua yenye faida ya haraka ni kuweka milango kwenye rafu zilizo wazi.

Friji yangu ni ya miaka 20 na bado inapoza. Niitupe?

Ipime kwanza. Ikila yuniti 2 kwa siku na mpya ya ukubwa huo ikila 0.8, tofauti ni yuniti 1.2, yaani shilingi 33.60 kwa siku, au karibu shilingi 12,260 kwa mwaka. Mpya ya shilingi 45,000 itajilipa kwa chini ya miaka minne. Ikila 1.1, badilisha raba na uendelee nayo.

Ukibadilisha, usiipeleke ya zamani balkoni ikawa ya pili; hapo umeongeza bili badala ya kupunguza. Na usimpe mtu wa vyuma chakavu kabla gesi haijatolewa na fundi mwenye chupa ya kuikusanya, kwa sababu akikata bomba kwa msumeno, R134a yote inakwenda hewani.